Kushuka Magamba kwa baiskeli wakati wa mvua
Mvua ikinyesha Usambara, udongo mwekundu wa njia za msitu wa Magamba, juu ya Lushoto, huteleza kama sabuni. Punguza upepo kabla hujaanza: kwa tairi la inchi 2.3 lenye tyubu na mwendeshaji wa kilo 70 hivi, psi (kipimo cha upepo wa tairi) 26 mbele na 29 nyuma panafaa kuanzia. Ukipunguza mno, jiwe au mzizi utaibana tyubu kwenye rimu na kuacha matundu mawili yaliyokaa sambamba.

Breki ndizo zinazoumia zaidi. Usizishikilie mteremko mzima: diski (sahani ya chuma kwenye gurudumu) inapata moto, pedi (vipande vinavyoibana diski) za resini, yaani gundi ngumu, zinang'aa kama kioo, na hapo hazishiki tena. Finya kwa nguvu kabla ya kona, achia ukiwa ndani ya kona. Pedi za chuma huvumilia joto na matope kuliko za resini (kelele zake utazizoea), ila soma maandishi ya diski kwanza. Kama diski ni ya pedi za resini tu, za chuma zitaila. Sehemu ya pedi inayosugua ikibaki milimita 1, badilisha.

Siti nayo ishushe sentimita 5.