Ondoa chumvi kabla ya kulinganisha molekuli
Ukitaka kulinganisha molekuli kwa kipimo cha Tanimoto (namba ya 0 hadi 1 inayoonyesha zinavyofanana; 1 ni kufanana kabisa), anza kwa kuondoa chumvi, yaani ioni za ziada zinazoambatana na molekuli. Diklofenaki ile ile, dawa ya maumivu, huweza kuandikwa mara mbili kwenye hifadhidata: mara moja ikiwa tupu, mara nyingine ikiwa na sodiamu pembeni. Kwa alama-vidole za Morgan (safu ya biti, yaani 0 na 1, zinazoonyesha vipande vilivyomo kwenye molekuli), hizo mbili hazifikishi 1, kwa sababu ioni ya sodiamu na chaji ya oksijeni hubadilisha biti. Kibaya zaidi, moja ikiangukia kwenye data ya kufundishia na nyingine kwenye ya kupimia, modeli ya kompyuta unayoifundisha kutabiri itaonekana hodari, kumbe jibu ilishaliona! RDKit, maktaba ya programu za kemia, ina zana za kubakiza kipande kikubwa na za kuondoa chaji. Tumia zote mbili, ndipo ufute zinazojirudia.