Kulinganisha Mapenzi Katika Tamthilia za Kisayansi: The X-Files na Farscape

Muulize mtu ni tamthilia gani ya kisayansi imeandika mapenzi vizuri, atakutajia waigizaji waliopendezana. Hapo anazungumzia uigizaji. Anayetaka kuupima uandishi afuatilie jambo moja: ni nini kinachowazuia wawili hawa wasiwe pamoja, na kizuizi hicho kimetoka wapi? Tutatumia Mulder na Scully, maajenti wa FBI wa The X-Files, na John Crichton, mwanaanga kutoka Dunia, na Aeryn Sun, askari wa angani, wa Farscape. Kama hujazitazama, fahamu kwamba matukio makuu yameelezwa humu.

Hatua ya 1: Tafuta tukio linalofanana

Usilinganishe tamthilia nzima kwa nzima. The X-Files ilikwenda misimu 9 mfululizo, 1993 hadi 2002, kabla ya kurudi tena 2016; Farscape ina episodi 88 tu, kuanzia 1999 hadi 2003. Chagua tukio moja lililomo kote kuwili. Hapa lipo, tena zuri. Mwishoni mwa msimu wa 7 wa The X-Files (2000), Mulder anachukuliwa na viumbe wa angani na Scully anaambiwa ana mimba. Mwishoni mwa msimu wa 3 wa Farscape (2002), Aeryn anaondoka, na John anabaki na habari kwamba Aeryn ni mjamzito. Kote kuwili kuna mimba, kuna kutengana, na kuna swali mimba imetoka wapi.

Hatua ya 2: Chagua cha kutazama

Kwa The X-Files zinatosha episodi za mwanzo wa msimu wa 2 ambamo Scully anatekwa, filamu ya 1998, na tatu za msimu wa 7: “Millennium”, “all things” na “Requiem”. Kwa Farscape tazama episodi ya kwanza kabisa, kisha msimu wa 3 kuanzia “Eat Me” hadi mwisho bila kuruka, kwa sababu kila episodi inadai deni la iliyotangulia. Epuka video za mashabiki zinazokusanya “matukio matamu”. Zinabakiza mabusu na kukata vizuizi, yaani zinaondoa kile hasa unachokitafuta.

Hatua ya 3: Chora jedwali

Safu nne: tukio, kizuizi, kizuizi kimetoka wapi, nani anajua nini. Mstari mmoja kwa kila mahali uhusiano unapobadilika. Mistari kumi kwa kila jozi ni mingi vya kutosha. Safu ya nne ndiyo watu huiruka, na ndiyo itakayokulipa kwenye hatua ya 6. Usihesabu mabusu.

Hatua ya 4: Wahamishe wahusika

Kila kizuizi kipeleke kwenye tamthilia ya kawaida, ya hospitali kwa mfano, uone kama bado kinafanya kazi. Chukua filamu ya 1998. Mulder na Scully wako kwenye korido, nyuso zimekaribiana, na nyuki anamchoma Scully. Nyuki huyo amebeba virusi vya viumbe wa angani, kwa hiyo kwenye njama ana nafasi yake halali. Lakini kazi aliyoifanya kwenye busu lile ingefanywa hata na simu iliyoita. Andika “kinahamishika”.

Sasa nenda Farscape. John anagawanywa kuwa watu wawili, na hakuna aliye nakala ya mwenzake; wakicheza jiwe-karatasi-mkasi, wanatoka sare tu. Mmoja anaondoka na Aeryn katika chombo kingine, wanapendana kwelikweli, kisha anakufa kwa mionzi. Aeryn anarudi akiwa kama mjane, anamkuta mwanamume mwenye sura ileile, sauti ileile na kumbukumbu zote hadi siku ile ya kugawanywa, ambaye hajui lolote la miezi yao. Utasema hata tamthilia za Kimeksiko zina mapacha. Zinao, lakini pacha ana maisha yake. Huyu anamwonea wivu marehemu ambaye ni yeye mwenyewe. Hicho hakihamishiki.

Hatua ya 5: Angalia nyuma ya kamera

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kudhani kwamba sababu ya nje ya hadithi lazima izae uandishi dhaifu. Scully alitekwa katika msimu wa 2 kwa sababu mwigizaji wake, Gillian Anderson, alikuwa mjamzito na ilibidi apewe nafasi. Waandishi wakalichukua lile pengo wakalifanya mzizi: utekaji ukaja kuzaa saratani, ukazaa utasa, na utasa ndio unaoipa mimba ya msimu wa 7 uzito wake. Kutoweka kwa Mulder nako kulitokana na mwigizaji wake, David Duchovny, kupunguza kazi. Msimu wa 8 anaonekana katika takriban nusu tu ya episodi. Hapo pengo halikuzaa kitu kikubwa kwa wapenzi wenyewe, maana mmoja hayupo. Kwenye safu ya tatu andika sababu zote mbili, ya ndani na ya nje, halafu uliza kama ya ndani ingesimama peke yake.

Hatua ya 6: Rudi kwenye tukio ulilolichagua

Soma safu ya nne. Katika “Requiem” mwanamke anajua, anamwambia bosi wao Skinner, na mwanamume hajui. Mtazamaji naye ameachwa gizani: “all things” inafunguka Scully akivaa nguo na Mulder amelala kitandani, basi. Waandishi wameuficha uhusiano kwa namna ileile wanavyoficha siri za serikali. Katika Farscape mtazamaji ameona kila kitu, na anayeficha ni mhusika. Wanarusha sarafu kuamua kama John aende na Aeryn, Aeryn anaondoka peke yake, na John anaipata habari ya mimba kupitia bibi mmoja aliyeingia chomboni, si kwa kinywa cha Aeryn.

Uamuzi wako uandike kwa sentensi ya aina hii: The X-Files inamnyima mtazamaji habari, Farscape inawanyima wapenzi. Sentensi kama “hii ina hisia zaidi” ifute.

Hatua ya 7: Ongeza jozi ya tatu, ukipenda

Sheridan na Delenn wa Babylon 5, tamthilia nyingine ya kisayansi, wanafaa, kwani muundaji wake, J. Michael Straczynski, aliandika episodi 92 kati ya 110 na mkono ni mmoja. Hata hivyo, usiiache wazi safu ya tatu: kamanda wa msimu wa kwanza alikuwa Sinclair, na Sheridan aliingia msimu wa 2 tu, kwa hiyo uliza kama badiliko hilo lilitoka ndani ya hadithi au nje yake.