Bili ya Maji Imepanda Ghafla: Kagua Haya Kabla ya Kwenda Kulalamika

Januari iliyopita jirani yangu wa hapa Migosi, Kisumu, mama mstaafu anayeishi na wajukuu wawili, aliniletea bili ya uniti 31, ilhali kwa kawaida nyumba yake hutumia uniti 9 au 10 kwa mwezi. Alikuwa amekwisha kukata shauri kwenda ofisini kudai kwamba mita ni mbovu. Nilimsihi anipe siku mbili kwanza, kwa sababu mpaka wa wajibu ni mita: bomba la kuifikia, pamoja na mita yenyewe, ni mali ya kampuni ya maji, lakini kila kilicho baada yake ni cha mteja, na maji yakishapita hapo hulipiwa hata kama yaliishia mchangani.

Hatua ya kwanza: linganisha bili na mita

Tarakimu nyeusi ndizo uniti, na uniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Tarakimu nyekundu ni lita. Ikiwa namba ya usomaji wa mita iliyo kwenye bili ni kubwa kuliko iliyo kwenye mita leo, basi usomaji ulikosewa au bili ilikadiriwa, na unaweza kuruka hadi hatua ya nne. Makadirio mara nyingi husababishwa na sisi wenyewe: mita iliyofunikwa kwa kuni, au iliyo nyuma ya geti lenye kufuli na mbwa, haisomeki, na ni wajibu wa mteja kuiacha wazi kwa msomaji.

Hatua ya pili: tafuta uvujaji

Hapa ndipo tulipopoteza saa nyingi, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Ushauri wa kawaida ni kufunga mifereji yote na kutazama kama kigurudumu kidogo kilicho usoni mwa mita kinazunguka. Ushauri huo hautoshi katika nyumba yenye tangi juu ya paa. Tangi likiwa limejaa na boya, yaani kielea kinachofunga maji yanayoingia tangini, limefunga, choo kinaweza kuvuja kutwa nzima huku mita imetulia tuli, kwa kuwa maji yanayopotea yanatoka kwenye tangi. Mita itazunguka baadaye, boya likishuka. Kwa sababu hiyo pima sehemu mbili kila moja peke yake.

Kwanza pima kati ya mita na tangi. Funga valvu ya maji yanayotoka tangini kwenda ndani ya nyumba, subiri tangi lijae, kisha piga picha ya mita, ngoja dakika 20 na upige nyingine. Simwamini mtu anayekumbuka namba za mita kwa kichwa, nami mwenyewe nikiwemo. Lita 10 katika dakika 20 huonekana chache, lakini ni lita 720 kwa siku na zaidi ya uniti 21 kwa siku 30. Usifanye jaribio hili maji yanaporudi baada ya mgao, kwa kuwa hewa iliyo bombani huizungusha mita nayo.

Pili, pima kati ya tangi na mifereji. Funga maji yanayoingia tangini, fungua yanayotoka, weka alama ya chaki kwenye kimo cha maji ndani ya tangi, na mtu yeyote asitumie maji kwa saa mbili. Kimo kikishuka, anza na choo: mimina chai ya rangi iliyokolea kwenye kisanduku cha maji ya choo, usivute kwa nusu saa, kisha tazama kama rangi imeteremka bakulini.

Kwa mama tulifanya yote mawili mchana, na hatukuona hata lita moja iliyopotea. Nilikuwa karibu kukubali kwamba mita ni mbovu, ndipo aliponiambia, "Lakini mwanangu, migomba yangu mwaka huu imenenepa kweli." Nilizunguka nyuma ya nyumba. Nyasi zote za uani zilikuwa zimekauka kwa kiangazi, ila chini ya bomba la kumwagia ziada ya tangi kulikuwa na matope mabichi. Usiku, watu wengi wanapoacha kutumia maji, mgandamizo bombani hupanda, na boya lililochakaa ambalo mchana hufunga vizuri hushindwa kuzuia maji. Tulirudia jaribio usiku. Saa nne mita ilionyesha uniti 1482 na lita 310. Saa kumi na moja alfajiri, uniti 1483 na lita 20. Lita 710 zilikwenda kwenye migomba wakati nyumba nzima imelala.

Hatua ya tatu: rekebisha

Badilisha boya pamoja na valvu yake, na ununue ya shaba; ya plastiki ni rahisi, lakini sijaona iliyodumu. Usiguse lakiri ya mita wala valvu iliyo kabla yake, hata fundi akikuhakikishia kwamba hakuna atakayejua.

Hatua ya nne: andika

Ikiwa namba ya bili ilizidi ya mita, au majaribio yote, pamoja na la usiku, hayakuonyesha uvujaji, andika barua yenye namba ya akaunti, picha zenye tarehe na ombi kwamba bili isahihishwe au mita ipimwe, kisha ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Simu haiachi ushahidi. Lipa kiasi usichobishania na uombe kwa maandishi kwamba huduma isikatwe shauri likiendelea. Kampuni isipojibu, malalamiko hupelekwa WASREB, bodi inayodhibiti huduma za maji chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Huko pia utatakiwa kuonyesha kwamba ulianza na kampuni, na ndiyo maana nasisitiza muhuri.

Mama hakuwa na la kubishania. Aliandika barua ya kuomba kulipa kwa awamu tatu, akaambatisha risiti ya boya jipya, na ombi lake likakubaliwa.