Kutenganisha baiti na maandishi katika Python: mwongozo kwa wanaoshughulikia orodha za majina

Mwongozo huu unamlenga mwanaprogramu anayepokea orodha za wanachama wa vyama vya ushirika kutoka Kisumu, Siaya au Nakuru, na ambaye ameona Nyang’oma ikigeuka kuwa Nyangâ€™oma kwenye skrini. Baiti ni namba tu, kuanzia 0 hadi 255, na yenyewe haisemi kama ni sehemu ya picha au ya jina la mtu. Kwa hiyo naamini kwamba lugha ya programu inapaswa kuweka baiti na maandishi katika aina mbili tofauti na kukataa kuziunganisha bila amri, kama Python 3 inavyofanya tangu mwaka 2008. Python 2 iliziunganisha kimyakimya mradi herufi zote zilikuwa za ASCII, yaani herufi za msingi za Kiingereza. Jina kama Otieno lilipita salama, kisha programu ikakwama kwa herufi moja ngeni, mara nyingi mbali na chanzo cha kosa.

Hatua ya 1: Soma faili kama baiti, kisha uitazame.

```
data = open("wanachama.csv", "rb").read()
print(data[:200])
```

Tafuta jina lenye ritifaa iliyopinda, ile ambayo Word huiweka yenyewe unapoandika ng’ombe. Ukiona `\xe2\x80\x99`, yaani baiti tatu kwa herufi moja, hiyo ni UTF-8, usimbaji (yaani kanuni ya kugeuza herufi kuwa baiti) unaotumika zaidi leo. Ukiona `\x92` peke yake, faili imetoka kwenye usimbaji wa zamani wa Windows, cp1252. Baiti `\xef\xbb\xbf` mwanzoni mwa faili ni alama ambayo Excel huiongeza inapohifadhi CSV kwa UTF-8.

Hatua ya 2: Simbua (geuza baiti kuwa maandishi) mara moja tu, data inapoingia.

```
maandishi = data.decode("utf-8-sig")
```

Amri hii huiondoa alama ya Excel ikiwapo. Ikitokea `UnicodeDecodeError`, usiizime kwa `errors="ignore"`, kwa sababu ritifaa itatoweka na mwanachama atabaki na jina ambalo si lake. Usikimbilie latin-1, usimbaji mwingine wa zamani, pia: hiyo hukubali baiti yoyote ile, kwa hiyo kutolalamika kwake hakuthibitishi chochote. Jaribu cp1252, usome majina kwa macho yako, na ukibaki na shaka umuulize aliyetuma faili.

Hatua ya 3: Ndani ya programu, tumia maandishi pekee.

Nyang’oma ina herufi 9 lakini baiti 11 katika UTF-8. Ukikata kwa kuhesabu baiti unaweza kuipasua herufi katikati. Sawazisha ritifaa hapa, la sivyo anayetafuta Nyang'oma kwa ritifaa iliyonyooka hatampata:

```
maandishi = maandishi.replace("\u2019", "'")
```

Hatua ya 4: Simba maandishi (yageuze kuwa baiti) data inapotoka.

```
with open("safi.csv", "w", encoding="utf-8", newline="") as f:
    f.write(maandishi)
```

Taja usimbaji kila mara, kwa kuwa kwenye Windows chaguo la kawaida linaweza kuwa cp1252. Picha za vitambulisho zibaki baiti tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa wanaotuma SMS kwa wakulima, hatua ya 3 inagusa mfuko. Ujumbe wa herufi za kawaida za GSM (mfumo wa simu za mkononi) hubeba herufi 160, lakini ritifaa moja iliyopinda huuhamishia ujumbe wote kwenye usimbaji wa UCS-2, ambao kikomo chake ni 70, na ujumbe wa herufi 120 ukalipiwa kama jumbe mbili.