Somo: Siku nzima klabuni kwa anayetaka kujifunza kurusha glaida

Wengi wanaouliza habari za glaida, yaani ndege isiyo na injini, wanadhani unafika, unapanda, unarushwa, unarudi nyumbani. Kwenye klabu za wanachama hapa Uingereza siyo hivyo. Unaweza kushinda uwanjani kutwa ukaruka mara mbili tatu tu, na kila mruko wa winchi (mashine ya ardhini inayovuta ndege kwa kebo mpaka ipande) usiokutana na hewa inayopanda huisha ndani ya dakika chache. Muda uliobaki unasukuma ndege, na huko ndiko unakojifunza nusu ya kazi.

1. Wahi. Jina lako liingie kwenye orodha ya siku. Vaa viatu vya kutembelea nyasi zenye umande, chukua maji, chakula na koti hata kama jua linawaka. Kofia iwe bila ukingo mpana, maana ukingo unaziba anga.

2. Kutoa ndege bandani. Klabu nyingi hufundishia ASK 21 ya Kijerumani: viti viwili, mabawa ya mita 17 ncha hadi ncha. Zimepangwa bandani kwa kupishana, kwa hiyo mmoja tu ndiye anayetoa amri. Ukiona bawa linakaribia ukuta, piga kelele "Simama!" hata kama umejiunga leo. Hakuna atakayekuchukia.

3. Ukaguzi wa asubuhi. Hapa usiwe na haraka. Mmoja anakaa ndani na kusogeza fimbo ya usukani, mwingine yuko nje ameshika kwa kiganja kile kipande kinachocheza nyuma ya bawa, anakizuia kidogo. Kipande kinaweza kucheza vizuri kikiwa huru ilhali kiungo chake ndani hakijafungwa sawasawa. Ukikizuia ndipo kasoro inajitokeza. Mnarudia hivyo kwenye mkia, halafu mnasaini daftari la ndege.

Ukishaketi, kariri rangi za vishikio: njano huachia kebo, bluu ni breki za hewa, kijani hurekebisha uzito wa fimbo mkononi, nyekundu hutupa kifuniko cha kioo wakati wa dharura. Juu ya kioo utaona kipande cha uzi wa sufu kimebandikwa. Hakuna kifaa cha bei rahisi kuliko hicho, na mwalimu atakisemea kutwa nzima: uzi ukilala upande, ndege inakwenda kombo, kanyaga pedali kuunyoosha.

4. Kurushwa. Zamu yako ya kushika ncha ya bawa itafika kabla ya zamu ya kuruka. Tazama angani na nyuma kwanza, kisha toa ishara. Mkono ukipungwa chini, mwendesha winchi anavuta taratibu mpaka kebo ikaze. Ukipungwa juu ya kichwa, anavuta kwa nguvu. Ukinyooshwa juu bila kutikisika, kila kitu kinasimama. Rubani naye mkono wa kushoto uko kwenye kishikio cha njano. Bawa likianza kulala na hawezi kulizuia, anaachia kebo papo hapo bila kujiuliza. Mambo yakienda sawa, kebo ya mita 1,000 hukupa kimo cha theluthi yake hivi.

5. Angani. Tafuta hewa moto chini ya mawingu yaliyovimba kama pamba. Waingereza huwatazama pia mwewe wekundu: wakizunguka bila kupiga mabawa, mahali hapo pana hewa inayopanda. Ukikuta glaida nyingine imeshaanza kuzunguka, fuata upande wake.

6. Baada ya kutua, sukuma ndege pembeni upesi. Jioni futa wadudu waliogandia mbele ya mabawa, jaza daftari lako, rudisheni zote bandani.

MASWALI

Swali: Mkuu, kebo ikikatika wakati winchi bado inakuvuta?
Jibu: Pua chini kwanza, kaka. Kasi ikirudi ndipo unaamua: uwanja ukitosha unatua mbele, usipotosha unazunguka. Mwalimu atakufanyia zoezi hilo makusudi, bila kukutaarifu, kabla hujaruhusiwa kuruka peke yako.

Swali: Binti yangu ana miaka 13, anaruhusiwa?
Jibu: Kujifunza na mwalimu anaweza, dada, mradi urefu na uzito vinatosha. Kuruka peke yake, Uingereza ni kuanzia miaka 14. Akiwa mwepesi mno, ataongezewa vipande vya madini ya risasi ili uzito ufike; kibao kilicho mbele ya kiti kinaonyesha kiwango cha chini na cha juu.

Swali: Bila injini mnarudije uwanjani?
Jibu: Kwa hesabu, sio kwa bahati. ASK 21 iliyo mita 1,000 juu, hewa ikiwa tulivu, inateleza kilomita 34 hivi. Punguza upepo wa mbele, punguza hewa inayoshuka, bakiza kimo cha kuzungukia uwanja. Wanaokwenda safari ndefu wakikosa hewa hutua shambani, wanamtafuta mwenye shamba, kisha wenzao wanakuja na trela, mabawa yanachomolewa. Mwanafunzi haendi mbali hivyo. Atapewa kazi ya kushika bawa wakati wa kuchomoa.