Somo: Msimbo pau au msimbo wa QR kwa bidhaa zinazofungashwa Unguja na Pemba

Wazalishaji wanaofungasha karafuu, mdalasini, sabuni ya mwani au mafuta ya mchaichai huuliza watumie msimbo pau (ule wa mistari) au msimbo wa QR (ule wa vijiraba) mara tu wanapotaka kuingiza bidhaa katika duka kubwa au kuivusha bahari. Jibu hutegemea nani atakayeusoma msimbo, kwa chombo gani, na anataka kujua nini. Anayeanza kwa kutazama ipi kati ya alama hizo inapendeza kwenye lebo atalazimika kuchapisha lebo mara mbili.

Hatua ya 1: Fahamu kila msimbo unabeba nini

Msimbo pau wa bidhaa za rejareja, uitwao EAN-13, hubeba tarakimu 13 tu. Ndani yake hamna bei, jina la bidhaa wala tarehe ya kwisha muda. Hayo yote hukaa katika kompyuta ya duka, na nambari hutumika kuyafungua. Tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki: zile 12 za mwanzo huzidishwa kwa 1 na 3 kwa kupokezana kuanzia kushoto, kisha hujumlishwa. Kwa nambari ya mfano 620123456789 jumla ni 107, na kwa kuwa inahitajika 3 ili kufika 110, yaani kumi kamili inayofuata, nambari kamili huwa 6201234567893. Karani akikosea tarakimu moja anapoiandika kwa mkono, mashine huikataa.

Msimbo wa QR ulibuniwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake katika kampuni ya Denso, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Unaweza kubeba hadi tarakimu 7,089, ingawa hakuna sababu ya kufika huko, kwani kadiri unavyoujaza ndivyo vijiraba vyake vinavyozidi kuwa vidogo na simu ya kawaida ikashindwa kuvisoma.

Hatua ya 2: Amua unachokifuatilia

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote, na ndipo wengi wanapopapita haraka. Msimbo pau wa EAN-13 hutaja aina ya bidhaa: sabuni zote za mwani za gramu 100 hubeba nambari moja, iwe zimepikwa mwezi uliopita au jana. Kwa mwenye duka hilo latosha, kwa sababu anataka kujua zimeuzwa ngapi na zimebaki ngapi. Kwa mzalishaji halitoshi. Mnunuzi akilalamika kwamba mafuta yamechacha, utahitaji kujua yalitoka bechi gani (yaani mkupuo upi wa utengenezaji), pipa lipi, na malighafi ilinunuliwa kwa mkulima yupi, ili uondoe chupa za bechi hiyo peke yake badala ya kurudisha shehena nzima kutoka Dar es Salaam.

Kwa hiyo, ikiwa unahitaji kufuatilia bechi, uipe kila bechi nambari yake na uiandike katika daftari au jedwali la kompyuta kabla ya kufikiria msimbo wowote. Nambari hiyo inaweza kuingizwa katika msimbo wa QR, au katika msimbo pau wa aina ya Code 128, ambao hupokea herufi pamoja na tarakimu. Msimbo uliochapishwa vizuri juu ya kumbukumbu zisizoandikwa hauna faida yoyote.

Hatua ya 3: Tazama lebo itakapokaa

Kipimo kamili cha EAN-13, pamoja na nafasi tupu za pembeni, ni milimita 37.29 kwa 25.93, na inaruhusiwa kupunguzwa hadi asilimia 80. Kwenye kichupa chembamba cha mafuta, igeuze mistari ilale kama vipago vya ngazi, kwani mistari iliyosimama hupotelea kwenye mviringo. Usichapishe mistari kwa rangi nyekundu: skana nyingi za dukani, yaani mashine za kusomea msimbo, hutumia mwanga mwekundu, na wino huo huonekana kwake kama karatasi nyeupe.

Mafuta yanayovuja na unyevunyevu wa ghalani huharibu lebo. Msimbo wa QR una viwango vinne vya kujirekebisha, na kile cha juu kabisa huvumilia uharibifu wa takriban asilimia 30. Msimbo pau huvumilia kukatwa juu au chini, mradi ubaki ukanda mmoja mzima unaovuka mistari yote. Ukibanduka mistari michache tu kwa urefu wake wote, hausomeki tena.

Hatua ya 4: Pata nambari, kisha jaribu

Kwa maduka makubwa, nambari hutolewa kwa uanachama wa GS1 Tanzania, tawi la nchini la GS1, shirika la kimataifa linalogawa nambari za msimbo pau. Chapisha lebo chache, zibandike kwenye kifungashio chenyewe, uzisome kwa skana na kwa simu zaidi ya moja.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Wete: Shikamoo mwalimu. Je, nambari inayoanza na 620 ni uthibitisho kwamba bidhaa imetengenezwa Tanzania?

Jibu: Marahaba. Hapana. Inaonyesha tu kwamba nambari ilitolewa kupitia GS1 Tanzania. Asili ya bidhaa iandike kwa maneno kwenye lebo.

Mwanachama wa Darajani: Mimi nauza viungo kwenye duka langu pekee. Nalazimika kujiunga na GS1?

Jibu: Hulazimiki. Jitungie nambari zako na uzichapishe kwa Code 128, ila zisivuke mlango wa duka lako, maana kwa mwenzako zinaweza kugongana na zake.

Mwanachama wa Paje: Kuna tovuti zinazotengeneza msimbo wa QR bure. Zina hatari?

Jibu: Zitazame kwa makini, Bibi. Baadhi yake hupitisha msomaji kwenye anwani yao kwanza, kisha muda wa majaribio ukiisha msimbo hufa, nawe umeshabandika lebo mia kadhaa. Tumia msimbo unaobeba anwani yako mwenyewe moja kwa moja, au nambari ya bechi tu, ambayo haihitaji intaneti kusomwa.

Mwanachama wa Chake Chake: Je, si bora tuache msimbo pau kabisa, tubaki na QR?

Jibu: Bado mapema. Shirika la GS1 limeweka lengo kwamba kufikia mwisho wa mwaka 2027 mashine za malipo madukani ziweze kusoma pia misimbo ya vijiraba, lakini lengo si skana iliyopo leo kwenye kaunta ya mnunuzi wako. Kwa sasa weka vyote viwili: msimbo pau kwa keshia, na QR yenye nambari ya bechi upande mwingine wa kifungashio, ili skana isichanganyikiwe ikaushika usiotakiwa. Kabla ya kuchapisha, mpigie simu mwenye duka umuulize skana yake husoma nini.