Homa, mdomo na uchovu: kuzimudu siku za tiba ya saratani ya damu

Kabla ya dozi ya kwanza ya kemo, uwe na kipimajoto nyumbani na namba ya simu ya wodi inayopokelewa hata usiku. Dawa hizi huua chembe za saratani, lakini huangusha pia chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu. Mara nyingi hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, na kwa wenye lukemia kali (saratani ya damu inayokwenda kwa kasi) huweza kukaa chini kwa wiki kadhaa. Pima joto asubuhi, jioni, na kila unapohisi baridi au kutetemeka. Ikifika 38°C, piga simu saa hiyohiyo. Usimeze parasetamoli kwanza, kwani itashusha homa na kuficha hatari. Usipime kwa njia ya haja kubwa, mchubuko mdogo hapo ni mlango wa vijidudu. Kwapani joto husomeka chini kidogo, kwa hiyo sema umepimia wapi. Na usingoje kuona usaha: chembe nyeupe zikiwa chache, usaha hautungi, hata maambukizi yakiwa makali. Wengi hungoja kuche wasimsumbue daktari. Tunakusihi, msumbue.

Mdomo nao unahitaji uangalizi wa kila siku, kwa sababu vidonda vikianza, kula kunakuwa adhabu. Koroga robo kijiko cha chai cha chumvi na robo kijiko cha baikaboneti ya soda (si hamira) katika kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu. Sukutua baada ya kila mlo na kabla ya kulala, tema, kisha suuza kwa maji matupu. Tumia mswaki laini, na uache dawa za kusukutua zenye alkoholi kwani hukausha na kuunguza. Kumeza kukiuma, omba dawa ya maumivu ya kutumia kabla ya mlo.

Dawa ya kichefuchefu humezwa kwa saa iliyopangwa, hata kama tumbo limetulia. Ukisubiri utapike, umechelewa.

Vinkristini, mojawapo ya dawa za kemo, hufunga choo. Omba kilainishi mapema, wala usijipige bomba la haja kubwa.

Prednisoloni na deksamethasoni, dawa za steroidi zinazotolewa pamoja na kemo, hufukuza usingizi. Kama daktari ameandika mara moja kwa siku, meza asubuhi baada ya kula, na usiache ghafla bila kuambiwa.

Uchovu wa tiba hauishi kwa kulala tu. Kulala mchana kusizidi saa moja. Tembea dakika 10, hata ndani ya nyumba, ila siyo siku ya homa, kizunguzungu au kutokwa damu. Saa unazopata nguvu zitumie kwa unachokipenda. Kufua anaweza kufua mwingine.

Kila jioni andika daftarini maumivu, usingizi, hamu ya kula na huzuni, kila kimoja kwa alama 0 hadi 10. Ukiulizwa hali kliniki, jibu la "naendelea vizuri" halimsaidii daktari kubadili dozi. Mpe daftari asome.